Neno "Interest": Neno Moja, Maana Nne



  



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona gazeti la madrasa linafundisha neno la Kiingereza. Mtasema: Kiingereza ni kazi ya shule, madrasa ni Qur'an, fiqhi na sira. Ni kweli. Lakini yapo maneno ya Kiingereza ambayo yameshaingia hadi vibarazani mwetu, na mengine yamebeba halali na haramu ndani yake. Mojawapo ni neno "interest". Ni neno dogo, wanafunzi wanalisoma kila siku, na karibu kila mmoja atakuambia analijua. Mwaka uliopita tulijifunza kwamba wengi wetu tulikuwa tunajua robo yake tu.

KISA KILICHOTUFANYA TUANDIKE

Mama wa mwanafunzi wetu mmoja ni mjane. Jioni hukaanga samaki na kuwauza nje ya nyumba yake. Alitaka kuongeza mtaji, akaenda kwenye taasisi moja ya mikopo kuomba shilingi 500,000. Akapewa fomu ya kurasa 4, yote kwa Kiingereza, akaambiwa aende nayo nyumbani, aisome, kisha airudishe na saini yake.

Mama akampa mwanawe wa kidato cha 3 amsomee. Kijana akaketi na kamusi ndogo ya shule. Katika ukurasa wa kwanza akakuta sentensi hii: "The borrower shall repay the loan with interest every month." Akatafuta neno "interest", akakuta: hamu, shauku. Akamwambia mama yake, "Mama, wanasema mkopaji alipe mkopo kwa hamu kila mwezi. Yaani usiwe mzito wa kulipa." Mama akacheka, akasema, "Hilo mwanangu halina tabu, mimi silali na deni la mtu." Akatia saini.

Hesabu ya mama ilikuwa nyepesi: 500,000 kwa miezi 10 ni 50,000 kila mwezi. Siku ya marejesho ya kwanza akaambiwa alete 67,500. Akadhani wamekosea. Akafunguliwa ukurasa wa 4, ambako palikuwa na jedwali: asilimia 3.5 kila mwezi, kwa miezi 10. Jumla 675,000. Zile 175,000 zilizozidi ndizo alizokusudia kununulia bati za kuezekea upya kibanda chake cha kukaangia.

Alikuja madrasa baada ya swala ya Alasiri, fomu mkononi, mwanawe nyuma yake ameinamisha kichwa. Akatuuliza, "Ustadh, mwanangu amenidanganya, au na yeye amedanganywa?" Tukaichukua ile kamusi. Kijana hakudanganya. Neno "hamu" lilikuwepo, tena la kwanza. Lakini mistari michache chini yake palikuwa pameandikwa "riba", na yeye hakufika huko. Tuliposema neno hilo, mama alilia. Hakulilia pesa. Alisema, "Miaka yote nawakataza wanangu riba, leo nimeitia saini kwa mkono wangu mwenyewe."

Tulimliwaza kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) ni Mwingi wa kusamehe, na kwamba mja hahukumiwi kwa lile alilokosea bila ya kukusudia, kama tunavyofundishwa katika Suratul Ahzab aya ya 5. Lakini baada ya kuondoka kwake tulibaki tukijiuliza sisi walimu. Kijana yule amehifadhi aya za riba kwetu. Shule ya msingi alifanya hesabu za riba kwa Kiswahili. Sekondari anafanya hesabu zile zile kwa jina la "interest", na fomula yake anaijua. Elimu zote tatu anazo, lakini kila moja imefungiwa chumba chake, na hakuna aliyemfungulia milango. Basi kosa si la mtoto peke yake. Na letu limo. Makala hii ni jitihada ya kulirekebisha.

JE, KUJIFUNZA LUGHA YA WATU WENGINE NI KATIKA DINI?

Mtume (S.A.W.) alipokuwa Madina alikuwa akipokea na kupeleka barua kwa Mayahudi. Alimwamrisha kijana wake Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi yao, kwa sababu hakuwa na amani na wale waliokuwa wakimsomea na kumwandikia. Imepokewa katika Tirmidhi kwamba Zayd aliyajifunza katika muda wa nusu mwezi tu. Tangu hapo akawa yeye ndiye anayesoma na kuandika barua hizo.

Tuzingatie sababu. Zayd hakuamrishwa kujifunza ili ajionyeshe kwa watu. Aliamrishwa ili Waislamu wasidhurike kwa maandishi wasiyoyaelewa. Kijana anayemsomea mama yake fomu anafanya kazi ya Zayd. Basi na aifanye kwa umakini wa Zayd.

ASILI YA NENO

"Interest" limetokana na neno la Kilatini "interesse", ambalo maana yake ni kuwa baina ya vitu, au kuleta tofauti. Jambo linalokugusa ni lile ambalo likiwepo au lisipokuwepo, kwako inaleta tofauti. Kutokana na shina hilo yamechipuka matawi manne: jambo linalougusa moyo wako, jambo linaloigusa hali yako, mali inayokugusa kwa kuwa una sehemu ndani yake, na pesa inayodaiwa juu ya mkopo. Tuyaangalie moja moja.

MAANA YA KWANZA: HAMU

Hii ndiyo inayofundishwa mwanzo shuleni. "She has an interest in Arabic," yaani ana hamu ya kujifunza Kiarabu. Mtu anapoandika wasifu wake wa kuombea kazi, huweka sehemu ya "interests", yaani mambo anayoyapenda, kama kusoma au kuogelea.

Hapa kuna kosa ambalo tunalisikia kila siku. Mwanafunzi husema, "I am interesting in Arabic." Hilo si sahihi. Kitu kinachovutia ndicho "interesting". Mtu aliyevutiwa ndiye "interested". Kwa hiyo sema, "I am interested in Arabic, because the lesson is interesting." Ukisema "I am interesting" umejisifu kwamba wewe ni mtu wa kuvutia watu, na huenda hukukusudia hivyo.

MAANA YA PILI: MASLAHI

"Public interest" ni maslahi ya umma. Katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 3 kinataka mambo yote yanayomhusu mtoto yatazame kwanza "the best interests of the child", yaani maslahi bora ya mtoto. Hapo hapana riba wala hamu. Na "conflict of interest" ni mgongano wa maslahi: kwa mfano mjumbe wa kamati ya ujenzi wa msikiti anayetaka saruji inunuliwe dukani kwake mwenyewe.

Kutokana na maana hii wanafunzi wa sekondari wayatofautishe maneno mawili yanayofanana. "Disinterested" ni mtu asiye na maslahi yake binafsi katika jambo, na hiyo ni sifa njema kwa kadhi au msuluhishi. "Uninterested" ni mtu asiye na hamu, anayepiga miayo wakati watu wanasema shida zao. Siku hizi hata Waingereza wenyewe huyachanganya, lakini kwenye mtihani na kwenye maandishi rasmi ni vizuri kuyatenga. Sote tungependa kadhi awe wa kwanza, na hakuna anayemtaka wa pili.

MAANA YA TATU: SEHEMU YA UMILIKI

"He has an interest in that shop." Sentensi hii inaweza kuwa na maana kwamba analipenda duka lile. Lakini katika lugha ya biashara na sheria, maana yake ni kwamba ana sehemu ndani ya duka lile. Amechangia mtaji na ana haki ya kupata faida. Maana hii inaingia katika mashamba, nyumba, majahazi na makampuni. Ndugu watatu wanaporithi nyumba ya baba yao, kila mmoja ana "interest" katika nyumba hiyo, yaani ana fungu lake.

Hii ni ile shirika tuliyoisoma katika fiqhi. Mwenye sehemu hupata biashara ikipata, na hupata hasara biashara ikianguka.

MAANA YA NNE: RIBA

"The bank charges interest on the loan." Hapa ni pesa ya ziada ambayo mkopaji ameshurutishwa kuilipa juu ya ile aliyokopa. Hii ndiyo riba, na neno letu la Kiswahili tumelipata moja kwa moja katika Kiarabu, ambako asili yake ni kuzidi na kuongezeka.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ameiharamisha riba katika Suratul Baqara kuanzia aya ya 275, na akatofautisha baina yake na biashara. Katika aya ya 279 ametoa kipimo kilicho wazi kabisa: mwenye kutubia ana haki ya kurudishiwa rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Na aya ya 280 inaamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Katika hotuba yake ya Hija ya Kuaga, Mtume (S.A.W.) alitangaza kufutwa kwa riba zote za zama za ujahili, na ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul Muttalib.

Wanafunzi wa sekondari mnaifahamu fomula: I = PRT gawanya kwa 100. P ni rasilimali, R ni kiwango kwa asilimia, T ni muda, na I ni "interest". Tuitumie kwa mkopo wa yule mama: 500,000 × 3.5 × 10 ÷ 100 = 175,000. Hesabu mliyoifanya darasani kutafuta alama ndiyo iliyochukua bati za kibanda chake. Mkikutana nayo tena katika daftari, jueni kwamba ile herufi I ina jina la Kiswahili, na jina hilo mnalisoma ndani ya Qur'an.

ALAMA ZA KUTAMBUA MAANA

Neno hili haliji peke yake katika sentensi. Lina majirani, na majirani zake ndio watakaokuambia limekuja kwa maana gani. Shikeni alama hizi tano.

1. Tazama neno dogo linalofuata. "Interest in" ni hamu au sehemu ya umiliki. "Interest on" ni riba. Tazameni tofauti ilivyo ndogo: "interest in a business" ni sehemu yako katika biashara, na "interest on a loan" ni riba juu ya mkopo. Herufi moja tu imebadilika.

2. Tazama kitenzi. Likitanguliwa na "pay", "charge", "earn" au "owe", yaani lipa, toza, pata au daiwa, ujue linazungumzia riba. Likitanguliwa na "show", "take" au "lose", yaani onyesha, ingiwa au poteza, mara nyingi ni hamu.

3. Tazama kama kuna asilimia. "Interest of 3.5%" mara nyingi ni riba, na "interest rate" ni kiwango cha riba. Hamu haipimwi kwa asilimia.

4. Tazama herufi "s" mwishoni. Riba kwa Kiingereza haihesabiki, basi haiwi na wingi. Ukikuta "interests", mara nyingi ni maslahi, mambo ayapendayo mtu, au sehemu zake za umiliki.

5. "With interest" ni pahala pa kusimama. Ndipo alipoteleza kijana wetu. "She listened with interest" ni alisikiliza kwa hamu. "She repaid with interest" ni alilipa pamoja na riba. Kilichoamua ni kitenzi: sikiliza au lipa. Pesa ikitajwa, usiharakie kutafsiri.

Na kuna neno la kheri la kulikumbuka: "interest-free". Maana yake ni bila riba. Mkopo wa namna hiyo ndio tunaouita qardh hasan, mkopo mwema.

NENO "USURY" NA MTEGO WAKE

Baadhi ya wanafunzi wetu wakubwa husoma tafsiri za Qur'an kwa Kiingereza, kama ya Marmaduke Pickthall iliyotoka mwaka 1930, au ya Abdullah Yusuf Ali iliyotoka miaka ya 1930 mjini Lahore. Humo neno riba limetafsiriwa "usury". Mwanafunzi akifungua kamusi ya leo, anakuta "usury" ni kukopesha kwa riba kubwa kupindukia. Kisha anakuja kutuuliza, "Ustadh, kumbe iliyoharamishwa ni ile kubwa tu? Hii ndogo ya benki haimo?"

Jawabu limo katika historia ya neno lenyewe. Zamani katika Ulaya, "usury" lilikuwa jina la malipo yoyote ya ziada juu ya mkopo, makubwa kwa madogo, na kanisa liliyakataza. Neno "interest" lilitumika mbali kidogo: lilikuwa fidia anayolipwa mkopeshaji kwa hasara aliyoipata, kama vile mdaiwa anapochelewa. Taratibu watu wakaanza kuliita jina la fidia lile lililokuwa likiitwa "usury".

Huko Uingereza, mwaka 1545 Mfalme Henry VIII alipitisha sheria iliyoruhusu hadi asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 1552 sheria hiyo ikafutwa na ziada yote ikakatazwa. Mwaka 1571, wakati wa Malkia Elizabeth I, ruhusa ikarudi. Kisha kikomo kikawa kinashushwa: asilimia 8 mwaka 1624, asilimia 6 mwaka 1651, na asilimia 5 katika miaka ya 1710. Mwaka 1854 sheria hizo za vikomo zikafutwa. Katika safari hiyo, iliyo ndani ya kikomo ikaitwa "interest", na iliyovuka ikabaki na jina baya la "usury".

Basi ni sheria za watu zilizoligawa jambo moja majina mawili. Qur'an haikuteremshwa kwa neno "usury" wala kwa neno "interest". Imeteremshwa kwa neno riba, na kipimo chake ni ile aya ya 279: rasilimali, basi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, lilipitisha kwamba ziada juu ya deni kama inavyotozwa na mabenki ni riba iliyoharamishwa. Mwanafunzi asijenge hukumu ya dini juu ya neno la tafsiri. Arudi kwenye neno la asili, na kwa wanazuoni.

LIKIJIFICHA KATIKA JINA JINGINE

Mikopo ya haraka imekuwa mingi, ya mitaani na ya kwenye simu. Watu wenyewe wameipa baadhi yake jina la "kausha damu", na jina hilo linatosha kuwa maelezo. Katika fomu na ujumbe wake si lazima mkute neno "interest". Mnaweza kukuta "charge", "fee" au "penalty", yaani tozo, ada au faini. Si kila ada ni riba. Aliyekufanyia kazi anastahiki ujira wake. Lakini ada inayokua kadiri deni linavyokua, au kadiri siku zinavyozidi, hiyo inahitaji kuulizwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali.

Upande wa pili, msikimbie kila palipoandikwa ziada. Wapo wanaouliza, "Mbona benki za Kiislamu nazo zinachukua faida?" Hapa Tanzania, Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 kwa kufuata sharia, na benki nyingine kadhaa zina madirisha ya Kiislamu. Njia moja wanayoitumia ni murabaha: benki hununua bidhaa, ikaimiliki, kisha ikakuuzia kwa bei inayojulikana ikiwa na faida ndani yake, ukalipa kidogo kidogo. Hapo kumeuzwa kitu, na bei haipandi kwa kuchelewa. Katika riba, pesa imeuzwa kwa pesa. Hata hivyo jina "Kiislamu" pekee halitoshi. Soma mkataba, uliza, umpelekee mwenye elimu ausome.

NASAHA KWA WANAFUNZI NA WAZAZI

Wanafunzi wetu, mzazi anapokupa karatasi umsomee, amekupa amana. Soma kurasa zote, hasa ya mwisho yenye jedwali la marejesho. Neno likiwa na maana nyingi katika kamusi, zisome zote mpaka chini, kisha uchague ile inayokaa na majirani zake. Na usipojua, sema, "Mama, hapa sijui, tukamuulize mwalimu." Maneno hayo hayakushushi hadhi.

Wazazi wetu, msitie saini siku ile ile. Ombeni fomu ya Kiswahili. Ni haki yenu kuuliza. Na ulizeni swali moja lenye jibu la tarakimu: "Nikichukua kiasi hiki, jumla nitarudisha shilingi ngapi?" Jibu likizidi mlichochukua, ulizeni ziada hiyo inaitwaje na inatoka wapi. Mlango wa madrasa uko wazi baada ya Alasiri kwa mwenye karatasi ya kusomewa, na hatutozi kitu.

Tukumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Imeamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, na mdaiwa ambaye ni dhaifu au hawezi kutaja maneno mwenyewe, msimamizi wake asimame badala yake kwa uadilifu. Kijana anayesoma kwa ajili ya mama yake yumo katika maana hiyo.

ZOEZI

Taja maana ya neno "interest" katika kila sentensi: hamu, maslahi, sehemu ya umiliki, au riba. Funika majibu kwa mkono kwanza.

1. My sister has a great interest in tajwid.
2. The committee acted in the interests of the orphans.
3. They charge interest on late payments.
4. He sold his interest in the dhow to his cousin.
5. The children listened to the story with interest.
6. The trader returned the money with interest.

Majibu: 1. Hamu, dada anapenda sana tajwidi. 2. Maslahi ya mayatima. Tazama herufi "s". 3. Riba, tazama "charge" na "on". 4. Sehemu ya umiliki. Aliuza fungu lake la jahazi. 5. Hamu. 6. Riba, kilichorudishwa ni pesa.

Aliyepata yote 6 na amfundishe mtu mmoja nyumbani kabla ya kulala. Aliyekosa namba 5 au 6 arudi kwenye alama ya tano.

HITIMISHO

Yule mama alimaliza deni lake mwezi wa kumi, na bado anakaanga samaki pale pale, chini ya bati zile zile za zamani. Mwanawe sasa ana daftari dogo. Kila neno la Kiingereza analokutana nalo kwenye karatasi za pesa analiandika, na mbele yake anaweka neno la Kiswahili, na kama lipo, la Kiarabu. La kwanza katika ukurasa wa kwanza ni "interest". Tumewaomba wanafunzi wote wa darasa la juu waanzishe daftari kama hilo mwaka huu, na tutakuwa tunayakagua kila Alhamisi, Insha Allah.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, awalipie madeni wenye madeni, na awajaalie watoto wetu kuwa macho ya wazazi wao katika yale wasiyoweza kuyasoma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.